Mtunzi na kazi zake: nini kiandikwe wapi, na "tazama" iende wapi

SWALI: Ustadh, shikamoo. Sisi ni walimu wachache na vijana wetu hapa Mombasa, tunatayarisha kamusi elezo ya washairi wa Mvita, yaani Mombasa yenyewe, na pwani nzima pamoja na kazi zao. Tulianza vizuri, sasa tumekwama. Kila mtunzi ana ingizo lake na kila kitabu kina lake, na maneno yaleyale yanajirudia pande zote mbili. Mwaka unaotajwa kwa mtunzi haulingani na unaotajwa kwenye kitabu. Baadhi yetu wanataka tufute maingizo yote ya vitabu, kila kitu kikae kwa mtunzi. Wengine wanasema tutie "tazama pia" kila mahali. Nia ni kuchapa kitabu kwanza, kisha tuiweke mtandaoni watu waisome kwa simu. Tuipange vipi? (Mwalimu, Likoni)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Msifute kitu kwanza, wala msiongeze "tazama pia" hata moja mpaka mmalize kusoma haya. Maingizo kuwa mengi si tatizo. Tatizo ni kwamba mmechukulia kuwa baina ya mtu na kitabu pana uhusiano mmoja tu, wa kwamba fulani kakiandika. Kwa fasihi ya pwani hilo huwa kweli mara chache kuliko tunavyodhani, na hapo ndipo miaka yenu inapogongana.

Mchukueni Muyaka, ambaye bila shaka ndiye mliyeanza naye. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy aliishi hapa Mombasa tangu karibu 1776 hadi karibu 1840. Diwani inayobeba jina lake ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwanafunzi akiikuta miaka hiyo imesimama bega kwa bega bila maelezo, atadhani mpiga chapa alisinzia. Lakini katikati ya karne hiyo nzima mna watu. Yumo Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya mashairi yangali midomoni mwa watu. Yumo W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa, akafanya kazi hiyo pamoja na Sikujua na kuyahifadhi maandishi. Yumo William Hichens, aliyeyahariri na kuyatoa kitabu. Halafu mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, chenye mashairi, tafsiri na uchambuzi. Sasa mkiandika chini ya diwani "Tazama pia: Sikujua; Taylor; Hichens; Abdulaziz", mmemwambia nini msomaji? Anaweza kuondoka akiamini Hichens naye alikuwa mshairi wa Mvita.

Kwa hiyo kila rejea inayounganisha mtu na kazi ibebe kitenzi. Alitunga, alikusanya, alinakili, alihariri, alitafsiri, alichambua, aliimba, alijibu. Vitenzi kama kumi vinawatosha kwa kamusi nzima, na mvikubaliane mapema, mviandike ukutani, asiwepo mmoja anayesema "alihariri" na mwenzake akasema "alisimamia" kwa jambo lilelile. Kimoja cha kukiongeza, na kwenu kitatumika sana, ni "anahesabiwa kuwa mtunzi". Hicho msikione haya kukitumia. Kazi nyingi za zamani zimetufikia kwa nakala zisizo na sahihi, na jina la mtunzi limeshikiliwa na mapokeo tu. Mkiandika "alitunga" mahali ambapo wenye ujuzi wanasema "huhesabiwa", mmeshatoa hukumu pasipo kesi.

Fumo Liyongo ndiye mtihani wenu mkubwa zaidi hapo. Yeye ni shujaa wa masimulizi. Yeye pia anahesabiwa kuwa mtunzi wa nyimbo na mashairi kadhaa. Tena yeye ndiye anayesimuliwa katika Utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Na upo ushairi wa takhmisa unaohesabiwa kuwa wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, huyohuyo wa utendi wa Al-Inkishafi, ambao umeyachukua maneno yanayonasibishwa na Liyongo ukayaongezea mishororo hadi kila ubeti ukatimia mitano. Shairi moja, mikono miwili. Kama daftari lenu lina safu moja tu iliyoandikwa "Mtunzi", Liyongo atawavurugia kila kitu: utendi wa 1913 utaangukia jina lake, na takhmisa hamtajua muipeleke wapi. Lakini mkiwa na vitenzi, mambo yananyooka. Liyongo anasimuliwa katika utendi, Kijumwa alitunga utendi, Liyongo anahesabiwa kuwa mtunzi wa shairi la asili, Sayyid Abdalla anahesabiwa kuwa aliyelitia takhmisa. Huyo Kijumwa mwenyewe mumwangalie vizuri, maana alikuwa mtunzi na pia mwandishi wa hati nzuri aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya tungo za watu wengine. Jina lake likionekana chini ya mswada, ulizeni kwanza kama alitunga au alinakili.

Sasa nije kwa waliotaka kila kitu kikae kwa mtunzi. Hao wana wazee wao. Ibn al-Nadim wa Baghdad, katika Fihrist, orodha ya vitabu aliyoiandika mwaka 377 wa Hijria, yaani 987 hadi 988 Miladia, aligawa elimu kwa milango kumi, na ndani yake akawapanga watu, kila mtu na vitabu vyake. Wenzao wanaotaka maingizo ya vitabu wana wa kwao pia. Haji Khalifa wa Istanbul, katika karne ya 17, aliandika Kashf al-Zunun kwa kufuata majina ya vitabu kwa alfabeti, kiasi cha vitabu 14,500, na sherehe za kitabu, yaani vitabu vya kukifafanua, akazikusanya chini ya kitabu chenyewe zilikoanzia. Nani alipatia? Wote wawili, kwa sababu walikuwa wanajibu maswali tofauti. Anayemjua mtu anataka Fihrist, na aliyesikia jina la kitabu tu anataka Kashf al-Zunun. Nyinyi mnataka kuwahudumia wote, basi mtaweka milango yote miwili. Mzigo wa maelezo ndio uwe na nyumba moja.

Hiyo nyumba ipatikane kwa swali hili: habari hii ingebaki kuwa kweli kama kitabu kisingekuwepo? Chukueni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa wa 1946. Kufungwa kwake kutoka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi? ni habari ya maisha yake, kwa hiyo inakaa kwa mtunzi. Kwamba mashairi hayo yaliandikwa jela kwenye karatasi za chooni ni habari ya kazi, basi iende kwenye ingizo la Sauti ya Dhiki, pamoja na mwaka wa kuchapishwa, 1973. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya 1974 je? Wengi huipeleka kwa mtu. Mimi ningeipeleka kwa kitabu, kwa kuwa ndicho kilichopewa tuzo, na kwa mtunzi nikaacha nusu sentensi. Mkilifuata hilo, mwaka 1973 utaandikwa kikamilifu mahali pamoja tu, na mahali pengine pote utavutwa kutoka huko. Migongano ya miaka hufa yenyewe, maana haina pa kuzaliwa. Na waraka wa Kenya: Twendapi? nao, ingawa ni karatasi chache, unastahili ingizo lake: ulitolewa mwaka 1968 bila jina la mwandishi. Hapo mtahitaji kitenzi kingine, "alitunga bila kutaja jina", ambacho vijana wenu wataona ni cha ziada mpaka wakutane na karatasi ya pili ya namna hiyo.

Si kila kitabu kinahitaji ingizo. Kipimo changu ni hiki: kazi ipewe ingizo ikiwa imepitia mikono zaidi ya mmoja, au mtunzi wake hajulikani au anabishaniwa, au ina historia yake ya miswada, matoleo na tafsiri. Isipokuwa hivyo, jina la kitabu liwekwe kwenye alfabeti na neno "tazama" tu. Taa ya Umalenga, tazama Ahmad Nassir Juma Bhalo. Inatosha. Msomaji kapata njia, na nyinyi hamkujaza ukurasa kwa kurudia jina la mchapishaji.

Lakini nduguye Taa ya Umalenga, yaani Malenga wa Mvita, ingizo anastahili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu Mombasa nzima huchanganyikiwa. Diwani hiyo ya 1971 ni ya Ahmad Nassir, na mhariri wake ni Shihabuddin Chiraghdin. Ila jina "Malenga wa Mvita" watu wamelifanya jina la mtu, basi atakayelitafuta huenda anamtafuta Ustadh Bhalo, yaani Ahmad Nassir mwenyewe. Na akiandika "Bhalo" au "Juma Bhalo" kwenye simu, huenda anamtaka Mohamed Khamis Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu aliyefariki mwaka 2014. Na mwimbaji huyo aliimba mashairi ya watunzi wengine, akiwemo Ahmad Nassir. Mnaona fundo lilivyo: majina yamefanana, shairi ni moja, mmoja katunga na mwingine kaimba, na vijana wanaolijua shairi wanalijua kwa sauti ya mwimbaji. Mkiacha hivihivi, baada ya mwaka mtakuta nusu ya mashairi ya Ahmad Nassir yameandikwa kwa mwimbaji. Dawa ni mstari mfupi juu kabisa ya kila ingizo: "Asichanganywe na", kisha jina la mwenzake. Chini, kila shairi lililoimbwa liwe na vitenzi vyake viwili.

Mstari huohuo utawafaa kwa akina Mazrui. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, ndiye wa gazeti la Al-Islah la 1932 na aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu. Ali Al'amin Mazrui ni mwanawe, profesa, aliyeandika pia riwaya The Trial of Christopher Okigbo mwaka 1971. Alamin Mazrui ni mwingine kabisa, wa tamthilia ya Kilio cha Haki na diwani ya Chembe cha Moyo. Msitegemee tahajia iwatofautishe. Kistari na alama ya juu hupotea mara tu mtu anapoandika haraka. Kinachotofautisha ni miaka na fani: weka mabano baada ya jina, mwaka wa kuzaliwa kama unajulikana, au "mwandishi wa tamthilia". Kinyume chake kipo pia, mtu mmoja kwa majina mawili: Said Ahmed Mohamed wa riwaya na Said A. M. Khamis wa makala za kitaaluma ni mtu mmoja. Huyo apate ingizo moja na "tazama" moja.

Kuhusu mahali pa jina kwenye alfabeti, ubishi utakuwa mrefu, kwa hiyo mfunge mjadala mapema. Orodha za maktaba za nje hugeuza majina, wakaandika Abdalla, Abdilatif. Sisi hatuwaiti watu hivyo. Muyaka akae M, asipelekwe H kwa sababu ya Haji. Mwana Kupona akae M, kwani Mwana ni sehemu ya jina. Sheikh, Sayyid na Ustadh viandikwe lakini visihesabiwe katika kupanga, na "al-" vivyo hivyo, kwa hiyo Al-Inkishafi iko I. Umbo lililogeuzwa liwe na "tazama" yake, kwa ajili ya mwanafunzi aliyetoka maktaba na karatasi mkononi.

Majina ya kazi yana kero yake. Mkiyaacha yaanze na Utenzi wa, Utendi wa, Diwani ya, Chuo cha, herufi U, D na C zitafura na nyingine zikonde. Tena kazi hiyohiyo huitwa Utendi wa Tambuka na Chuo cha Herekali, ile ya Mwengo bin Athman ya 1728. Panga kwa neno lenye uzito: Tambuka, Utendi wa. Herekali, Chuo cha, tazama Tambuka. Mtakapofika kwa Mwana Kupona, mtu na utendi wake wa 1858 watagongana palepale. Mtu atangulie, kazi ifuate, na kila mmoja awe na tambulisho lake katika mabano. Tafsiri nazo: Hamziyya ya Kiswahili ya Aidarus bin Athman isimezwe na kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, wala isijifanye haina mama. Ni kazi yake, na ina kiungo kimoja cha lazima: "tafsiri ya".

Kwa upande wa vifaa, msianze na programu ya gharama. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, kurasa tatu. Wa kwanza watu, kila mtu na namba yake isiyobadilika hata jina likibadilika tahajia. Wa pili kazi, vivyo hivyo. Wa tatu ndio moyo wa shughuli: namba ya mtu, kitenzi, namba ya kazi, na mmeipata wapi habari hiyo. Sikujua, alikusanya, Diwani ya Muyaka. Hichens, alihariri, Diwani ya Muyaka. Ongezeni safu mbili zinazopokea kazi kwa kazi, kwa ajili ya tafsiri, takhmisa na majibu. Mashairi ya kujibizana ni mengi kwetu na jibu la mshairi mwingine mara nyingi hulala ndani ya diwani ya aliyejibiwa, kwa hiyo msipolitenga, mtampa mtu shairi la mpinzani wake. Viungo havitiwi kwa mkono ndani ya maandishi. Huvutwa kutoka ukurasa huu wa tatu, na kwa vile mstari mmoja unasomeka kutoka kwa mtu na kutoka kwa kazi, pande mbili haziwezi kukhitilafiana. Katalogi kubwa za dunia na hazina ya data ya mtandaoni ya Wikidata, iliyoanza 2012, zinakwenda kwa wazo hilohilo la mtu, kitendo na kitu, ila nyinyi mnaruhusiwa kuwa na vitenzi vyenu.

Kabla ya kuchapa, pitieni jedwali kutafuta maradhi matatu. Kazi isiyo na mstari wowote kwenye ukurasa wa tatu ni yatima. Namba inayotajwa bila kuwa na ingizo ni rejea kipofu. Na "tazama A" inayompeleka msomaji kwa A, kisha A ikamrudisha alikotoka, ni mzunguko, nayo ndiyo inayoudhi kuliko zote. "Tazama" peke yake itumike pale ambapo hapana maelezo, na iende moja kwa moja mahali penye maelezo, bila kupitia kituo cha pili. "Tazama pia" ibaki kwa mambo ambayo hayana kitenzi: kipindi, mji, bahari ya ushairi. Ikizidi tatu katika ingizo, ulizeni mnamficha nini msomaji.

Rejea, kwa njia, si kitu baridi kama inavyoonekana. Ephraim Chambers alizitumia kwa bidii katika kamusi elezo yake ya London ya 1728, mwaka uleule wa Tambuka, ili vipande vya elimu vilivyotawanywa na alfabeti vishikane tena. Diderot na wenzake Ufaransa, katika kamusi elezo yao kuanzia 1751, wakazifanya silaha: ingizo la watu wanaokula watu lilimalizia kwa kumtuma msomaji kwenye Ekaristi, Komunyo na Altare, kejeli kwa Kanisa. Nawaambia hivi kwa sababu mtashawishika. Kuna ugomvi wa zamani wa Mvita na Lamu, na kuna ndugu ambao bado wanabishania tungo za babu yao. Rejea inayotia chumvi hapo itaonekana, na itawatia katika mabaraza ambayo hamkualikwa.

Toleo la karatasi lirejee vidahizo, yaani majina ya maingizo, lisirejee namba za kurasa, kwa kuwa kurasa husogea hadi siku ya mwisho. La simu, jina liunganishwe mara ya kwanza tu ndani ya ingizo. Ukurasa uliojaa maandishi ya buluu hausomeki juani kwenye foleni ya feri.

Mwisho, tengeni kurasa za nyuma kwa faharasa ya mistari ya kwanza. Mashairi ya Muyaka hayakupewa anwani na mwenyewe. Anwani mnazoziona vitabuni ni za wahariri na hazilingani toleo kwa toleo. Mzee wa mtaa wa Kibokoni akitaka shairi atawaambia "Gongwa nda Mwana Mkisi", na atataka alikute kwa maneno hayo. Kila mstari wa kwanza uelekee kwenye namba ya kazi, na tahajia mbili za mstari zikitofautiana, ziingizeni zote mbili. Anzeni na Muyaka peke yake, mjaze kurasa zote tatu za jedwali mpaka atimie, ndipo mpeane herufi nyingine.